Hatua ishirini kwenye barabara ya Sake

Swali limetoka kwa binti wa miaka 22 wa mtaa wa Majengo, hapa Goma. Barua yake ni ndefu, naifupisha:

"Mama, mdogo wangu ana miaka 16. Hatembei, hasemi, ila ananiita 'Ya', yaani yaya, dada mkubwa, na hilo ndilo neno lake la pekee. Namlisha, namwosha na kumbeba tangu nina miaka 8. Mwaka 2021 volkano ilipotoka na tukaambiwa tuhame, nilimbeba mgongoni kuelekea Sake. Kabla ya kufika Mugunga nilimweka chini juu ya mawe, nikamwacha, nikaenda. Nilihesabu hatua ishirini. Ndipo nikasikia 'Ya', nikarudi. Kule Sake alianguka kifafa mara tatu. Sijamwambia mtu yeyote. Sasa kuna kijana anataka kuleta mahari Desemba. Mama yangu anasema nikienda, atakufa pamoja na mtoto. Je, mtu aliyemwacha ndugu yake barabarani anastahili kuolewa na kuzaa?"

Binti yangu, nianze na zile hatua ishirini. Naona ndizo zilizokufanya ushike kalamu. Mambo ya mahari yamefuata nyuma yake.

Barabara ile naikumbuka. Volkano ya Nyiragongo ilitoka Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei, na lava ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu tukadhani imekwisha. Lakini ardhi iliendelea kutetemeka usiku na mchana, kuta zikapasuka, hadi Alhamisi tarehe 27 alfajiri ikatoka amri kwamba mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihame, na Majengo ulikuwa mmojawapo. Watu kwa mamia ya maelfu waliondoka siku hiyo, wengi kwa miguu. Kutoka kwenu hadi Sake ni kilomita 25 hivi. Niliona wanaume wenye nguvu zao wakitupa magodoro pembeni. Niliona mzee mmoja akiacha cherehani yake njiani, akairudia, akaiacha tena. Na wewe ulikuwa na miaka 18, hujala tangu jana yake, na mgongoni una mtoto wa miaka 12 ambaye mwili wake hukakamaa anapoogopa.

Hapo pa kukakamaa tukae kidogo, maana huenda hakuna aliyewahi kukueleza. Mtoto mwingine ukimbeba, naye anakusaidia: anakushika shingo, anakubana kiunoni kwa miguu, uzito unagawanyika. Mdogo wako ana utindio wa ubongo, ule ambao wauguzi wetu huuandika IMC, kifupi chake cha Kifaransa, kwenye fishi, yaani kadi ya matibabu, na hawezi kukusaidia hivyo hata akitaka. Akishtuka, miguu yake inajifunga kama mkasi, mgongo unajipinda kwenda nyuma, na kikwembe kinaanza kuteleza. Unambeba, na papo hapo unashindana na misuli yake. Mtu aliyewahi kubeba gunia la makala, yaani mkaa, hajui uzito huo, kwa sababu gunia hutulia. Mikono yako ilifika mwisho kabla ya moyo wako. Ulimweka chini kwa sababu haikuweza tena.

Najua utanijibu: hapana Mama, haikuwa uchovu tu, nilimchukia. Umeandika hivyo, kwamba kwa dakika ile ulitamani asingezaliwa. Nakuamini, wala sitajaribu kukuambia kwamba hukuhisi ulichohisi. Nimeketi na ndugu wengi wa watoto kama huyu hapa mjini, wakubwa kwa wadogo, na bado sijampata aliyeishi miaka mingi na mzigo huu asiwaze hivyo hata siku moja. Wanaolia zaidi wakati wa kulisema ni wale wanaopenda sana. Umekuwa ukimpa uji kijiko kwa kijiko tangu hujui hata kusoma vizuri. Hiyo dakika ya kuchukia ni yako, usiikane, lakini iweke mahali pake: ni dakika moja ndani ya miaka 14.

Tena ulirudi, na hakuna aliyekuona ukirudi. Hakuna aliyekulazimisha. Mama yako alikuwa mbele na mtoto mdogo na furushi, hakujua. Ungeweza kusema umempoteza kwenye msongamano, na siku ile kila mtu angeamini. Ulirudi kwa sababu ya "Ya".

Sasa kifafa cha Sake. Nimesoma mara mbili sentensi yako, "Alianguka kwa sababu nilimwacha." Ondoa hilo kichwani, binti yangu. Mistari miwili chini yake umeandika mwenyewe kwamba dawa zilibaki nyumbani. Mdogo wako anakunywa fenobarbitali, ile mnayoiita gardenali. Dawa hiyo ikikatika ghafla, ubongo uliozoea kutulizwa nayo unaamka kwa fujo, na mtu anaweza kuanguka mara nyingi mfululizo. Ongeza kukosa usingizi na njaa, navyo huleta kifafa kwa aliye nacho. Hata kama ungembeba bila kumweka chini hata mara moja, bado angeweza kuanguka Sake. Kwa sababu hiyo hiyo, siku mtu wa chumba cha maombi akiwaambia mwache dawa mwoneshe imani, ombeni naye, kisha mpeni mtoto dawa yake saa ile ile ya kila siku. Ikibidi kupunguza au kubadilisha, daktari ndiye wa kufanya hivyo, pole pole.

Akianguka tena, mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, fungua shati shingoni, tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni, wala kidole, wala maji. Dakika 5 zikipita bila kutulia, au akianguka tena kabla hajarudiwa na fahamu, mpelekeni hospitali.

Kuna jambo katika barua yako umeliandika kama dogo, nami naliona kubwa kuliko yote. Unasema akitaka maji hutazama bidoni, akikataa chakula hufumba macho, na akifurahi hutazama juu. Hiyo ni lugha, binti yangu. Kwa watoto wengi wenye utindio wa ubongo, sehemu iliyoumia ni ile inayoongoza misuli, ya mdomo na ulimi ikiwemo, na wanaelewa mengi kuliko yale wanayoweza kutoa. Wapo ambao akili nayo imeguswa, kila mtoto na kipimo chake. Lakini kijana anayejua kuita "Ya" wakati dada yake anakwenda zake, tena kwa sauti ya kusikika katikati ya kelele ile, alijua kabisa kinachotokea.

Kwa hiyo yupo mtu mmoja anayeijua siri yako, naye ameishi nayo muda wote huu bila kukunyima macho yake. Mwombe msamaha. Nasema hivi kwa uzito wote. Chagua saa ambayo nyumba imetulia, ukae chini kwenye mkeka uso wako uwe sawa na wake, mwambie ulichofanya na kwa nini, kwa maneno ya kawaida, si ya kitoto. Halafu ungoje. Watu wengi hukosea hapo: wanauliza, wanahesabu moja mbili, wanajijibia. Mwili wake unahitaji muda kutengeneza jibu, labda sekunde 10, labda zaidi. Kaa kimya mpaka macho yake yafike yanakokwenda.

Tuje kwa mama yako. "Ukienda, nitakufa naye." Neno hilo limekufunga, na ninavyolisikia mimi ni neno la mtu mwenye hofu. Umenieleza kwamba alikaa na uchungu siku nzima na usiku, na mtoto alizaliwa bila kulia, wauguzi wakamsugua mpaka akavuta pumzi. Hapo ndipo ubongo ulipokosa hewa, na sababu ya namna hii tunaikuta mara nyingi huku kwetu, pamoja na manjano kali ya siku za kwanza, homa ya uti wa mgongo na malaria ya kichwani. Lakini mama yako aliambiwa nini? Aliambiwa na majirani kwamba kuna mkono wa mtu. Aliambiwa na baba yenu, kabla hajaondoka, kwamba kwao hakujawahi kuonekana kitu kama hicho. Naye pia ana hatua zake ishirini mahali fulani, usidhani hana. Na walionong'ona kwamba mtoto mwenyewe ni mchawi wajue kwamba kumshtaki mtoto uchawi kumekatazwa na Katiba yetu ya Kongo, ibara ya 41, na sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu jambo hilo.

Ukiwa na miaka 8 ulimwona mama yako analemewa, ukaingiza bega. Hakukuomba rasmi. Siku moja ulimshika mtoto ili yeye aende sokoni Virunga, kesho yake tena, na baada ya mwaka ikawa kazi yako. Sisi katika kazi hii tunasema mtoto amegeuzwa mzazi. Kusaidia nyumbani ni malezi mema, nami nililea ndugu zangu kama mabinti wote wa Kivu. Panapoumiza ni pale ambapo kazi haina mwisho, haina wa kukupokea, na hakuna anayeiona wala kuisemea asante. Mtoto wa namna hiyo hukua akijua kila mtu anataka nini, ila akiulizwa yeye anataka nini, hana jibu. Katika barua nzima sikuona mahali ulipoandika kama unampenda kijana huyo. Umeuliza tu kama unastahili.

Na kaka zako je? Umewataja kwa sentensi moja: mmoja yuko Kampala, mwingine ni motari hapa hapa Goma, "wao ni wanaume." Hapo nimekasirika, nisikufiche. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hao wawili wameuona kanda la usufi miaka yote kwa sababu hawajawahi kuuinua. Kumlisha ndugu yako hakuhitaji titi. Kijana anayemudu pikipiki juu ya mawe ya Majengo anaweza kumwinua mdogo wake kutoka kwenye mkeka.

Ombeni kikao cha jamaa kabla ya Desemba. Mwite mjomba ambaye mama yako anamsikiliza, awe yeye wa kufungua maneno. Wa Kampala awe kwenye simu. Mdogo wako awepo pia, akae mahali anapoona nyuso, maana ni maisha yake yanayozungumzwa. Usiende kulalamika, nenda na siku nzima ya mdogo wako ikiwa imeandikwa kwenye karatasi: saa anapoamka, kugeuzwa usiku, kuoshwa, uji, dawa asubuhi na jioni, kunyooshwa miguu, kufuliwa nguo, kulishwa tena. Isome yote kwa sauti, polepole. Nimeona wanaume wakiinamisha vichwa karatasi kama hiyo ikisomwa, kwa sababu walidhani ni kazi ya saa moja. Kisha gaweni kwa majina na kwa siku. Wa Kampala anaweza kutuma pesa ya dawa kila mwezi na nyingine kidogo kwa mama mmoja wa jirani atakayekuja asubuhi kusaidia kuosha. Wa hapa achukue Jumapili nzima na jioni mbili. Mama yako akisikia majina matatu badala ya moja, ile "nitakufa naye" italegea. Haitaisha siku hiyo, usitegemee hivyo.

Mfundishe kaka yako kuinua kabla hujamwachia. Amsogelee karibu, apige goti, apitishe mkono mmoja nyuma ya mabega na mwingine chini ya magoti, amkunje kwanza mtoto magoti na nyonga, maana akikunjwa ile nguvu ya mkasi inapungua, halafu asimame kwa nguvu za mapaja. Kwa sasa ni kijana wa miaka 16, muwe wawili kila inapowezekana. Maumivu ya kiuno unayoyataja mwishoni mwa barua, kama vile hayakuhusu, yametokana na kumwinua peke yako. Nenda nayo pamoja naye kwenye kituo cha watu wenye ulemavu cha Shirika la Umoja, watu wa kine, wanaotibu kwa mazoezi ya viungo, watazame nyonga zake na mgongo wako. Kwa kifafa, hospitali ya Tulizo Letu ni mahali pake.

Kijana wako umemficha mdogo wako miezi minane. Kila akija mnakutana kwa shangazi. Mlete nyumbani, tena asije Jumapili nguo zikiwa zimenyooshwa. Aje saa ya chakula. Mpe bakuli. Mwonyeshe: mgongo wima, kidevu kishuke kidogo, kijiko kidogo, ungoje ameze ndipo ulete kingine. Utamjua zaidi katika nusu saa hiyo kuliko katika miezi minane ya kwa shangazi. Akiuliza kama kitu hiki kiko kwenye damu, maana mama yake atamwuliza, mwambie ukweli: hakiambukizi, na kwa watoto walio wengi hakirithiwi. Wapo wachache ambao chanzo kiko kwenye jeni, lakini mtoto aliyetoka kwenye uchungu wa siku nzima na usiku na hakulia, habari yake inajieleza. Watoto wako wewe watahitaji kile ambacho mama yako hakukipata, yaani kliniki tangu mwanzo wa mimba, na kuzalia mahali penye mtu wa kupasua usiku uchungu ukikwama.

Na mwambie mapema unachotaka kuendelea kufanya kwa mdogo wako ukishaolewa. Amua wewe kwanza. Labda Jumatano na Jumamosi, labda likizo zake kwako. Kisemwe mbele ya wazee siku ya mahari, kisije kugeuka ugomvi mwaka wa pili. Akikataa, utakuwa umejua kabla ya kuingia.

Yule mdogo wenu wa miaka 9 asisahauliwe. Umesema aliuliza usiku kama naye atakuwa hivyo akifikisha 16, ukamwambia alale. Watoto wa umri wake hufikiri ugonjwa unaambukiza, au kwamba wao ndio waliosababisha kwa neno baya walilosema. Mjibu: alizaliwa akakosa hewa, ubongo ukaumia, wewe ulizaliwa ukalia, haitakupata. Mpe pia mtu wa kumsindikiza shule na kutazama daftari lake bila kutaja kaka yake. Asianze yeye sasa kupanda kwenye nafasi unayoshuka wewe. Kikao kilinde hilo kwa jina.

Kuhusu shule ya mdogo wako mwenyewe, muda haujapita wa kuuliza. Kuna sheria ya tarehe 3 Mei 2022 ya kulinda watu wenye ulemavu nchini mwetu, na shule inayomfukuza kwa sababu ya mwili wake inaivunja. Barabara zetu za mawe ya volkano hazijaisoma sheria hiyo, najua. Anza na kitu kidogo: ubao wa picha sita, maji, chakula, choo, maumivu, nje, na Ya. Achague kwa macho.

La mwisho ni barabara. Umeandika kwamba Januari 2025, vita vilipofika mjini, hamkutoka kabisa, mlilala chini siku tatu kwa sababu hakuna aliyeweza kumbeba. Mlima bado uko pale, na mengine pia. Hofu yako ya kurudia zile hatua haitaondoka kwa maneno yangu. Itapungua mkiwa na njia nyingine ya kumtoa. Tafuteni jirani mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mwelewane naye sasa, si siku ya kelele. Godoro lililokunjwa liwekwe kwenye ubao ili aegemee nusu ameketi, magoti yamekunjwa juu ya mto, vikwembe viwili vimfunge, kimoja kifuani, kimoja mapajani, visibane pumzi. Mmoja asukume, mmoja atembee ubavuni ameshika kichwa. Mfuko uwe umening'inia mlangoni muda wote: dawa za wiki mbili, fishi yake, kijiko chake, nguo, turubai. Dawa zibadilishwe kila mwezi zisipitwe na tarehe.

Kisha mjaribu Jumapili moja ya utulivu, kutoka kwenu hadi barabara kubwa na kurudi, kaka yako akisukuma. Usianze kwa kumpandisha. Mwonyeshe kwanza hiyo chukudu, imesimama tu uani, mpeleke karibu, mfungue vidole vyake mwenyewe aguse ubao. Mwambie ni ya nini. Ngoja macho yake.